Nani Atamfundisha Mtoto wa Bukavu Kuogelea?

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya matembezi: kutembea ziwani, kutembea milimani, kuijua nchi hii kwa miguu na kwa kasia. Najua wapo watakaoshika kichwa. Hali ya nchi ndiyo hii, bei za sokoni ndizo hizi, na huyu anatuletea habari za matembezi? Nisikilizeni kwanza, kisha mtanihukumu.

Nina swali moja tu. Ni watoto wangapi wa mji huu wanaojua kuogelea?

Mji wetu umekaa juu ya maji. Rasi zake tano zimeingia ziwani kama vidole vya mkono uliochovya, na hata aliyejenga juu kabisa mtaani Kadutu, akifungua mlango asubuhi, anakutana na Ziwa Kivu uso kwa uso. Maji yake tunachota, samaki wake tunakula, mgongoni mwake tunasafiri kwenda Goma. Lakini mchukue kijana aliyezaliwa hapa, umuulize kama anaweza kuogelea mita hamsini. Muulize kama amewahi kukanyaga kisiwa cha Idjwi. Muulize kama amepanda Kahuzi, mlima unaoonekana upande wa magharibi siku ukungu ukiondoka. Wengi watacheka. Watakuambia hayo ni mambo ya wazungu, au ya watu wa mashirika wenye gari na mafuta. Mimi nasema hapana, na nasema kwa moyo wote, kwa sababu kutolijua ziwa hili kumetugharimu roho za watu.

Tuanze na ziwa lenyewe. Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Katika maziwa makubwa ya Bonde la Ufa upande wetu wa magharibi, kuanzia Albert hadi Tanganyika, ndilo lililo juu kuliko yote, na ndiyo maana jioni ya Bukavu inahitaji sweta. Kina chake kinafika karibu mita 480. Zamani za kale maji ya bonde hili yalikwenda kaskazini, upande wa Ziwa Edward na Nile. Kisha volkano za Virunga zikazuka zikaziba njia. Maji yakapanda, yakafunika mabonde, vilele vya vilima vikabaki visiwa, mpaka yakapata mlango upande wa kusini, hapa hapa kwetu. Yakateremka kwa mto Ruzizi kwenda Tanganyika, ziwa lililo karibu mita 700 chini yetu. Ukisimama leo kwenye daraja la mpakani, chini ya miguu yako ndipo Kivu lilipopata mahali pa kutokea.

Kwa hiyo kila hori unaloliona kati ya Bukavu na Kalehe ni bonde lililozama. Ndiyo sababu ufuo wetu umejikunja hivi, una kona na vificho vingi ambamo upepo haufiki kwa nguvu. Mtu mwenye mtumbwi mdogo anaweza kufuata ufuo huu kutwa nzima, akipita rasi hadi rasi, bila kulazimika kuingia katikati. Wavuvi wanajua hilo. Wanajua pia kwamba asubuhi maji yametulia, na kwamba baada ya adhuhuri upepo huamka na mawimbi yakapanda. Elimu hiyo wanayo vichwani na mikononi, na hakuna shule hata moja mjini iliyowahi kuwaita waje kuifundisha.

Kuna hofu moja niiguse hapa, maana kila nikizungumza habari za kuogelea kuna mtu anaisema. Ni ile ya gesi. Ni kweli kwamba chini kabisa ya ziwa hili zimelala gesi nyingi sana: kilomita za ujazo zipatazo 60 za methani, na kiasi cha 300 za gesi ya kaboni. Wataalamu wanazifuatilia, na wana haki ya kuzifuatilia. Lakini zimeyeyuka katika maji ya kilindi, mamia ya mita chini, zimebanwa na uzito wa maji yaliyo juu yao. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma ikamwagika ziwani, na gesi ile haikutoka. Wenzetu wa Rwanda, huko Karongi, tangu 2016 wanaivuta methani hiyo kwa mabomba wanafanya umeme, megawati 26. Mahali pa kuogopa ni kaskazini, kandokando ya Goma na kuelekea Sake, penye mazuku, yale mashimo na mabonde ambamo gesi nzito ya kaboni hutoka ardhini ikatuama, ikaua mbuzi na mtu aliyelala. Huko uliza wenyeji kabla hujaketi penye bonde. Lakini mtoto anayejifunza kupiga mbizi kando ya mwamba hapa Nguba, gesi ya mita mia tatu chini haimhusu. Linalomhusu ni kwamba hajui kuogelea.

Aprili 2019 chombo kilizama upande wa Kalehe, watu zaidi ya mia wakapotea. Rais Félix Tshisekedi alikuja mpaka huko kufariji wafiwa, akaagiza kila abiria wa ziwani avae jaketi la kuokolea. Miaka mitano ikapita. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova, imejaza watu na mizigo, ilipinduka ikiwa imebakiza hatua chache kufika bandari ya Kituku, Goma. Watu waliokuwa gatini waliiona ikipinduka kwa macho yao. Waliosafiri siku ile hawakuwa watalii. Walikuwa akina mama wa soko, wanafunzi, watu waliokimbilia majini kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara ya Sake. Wengi walikufa karibu na nchi kavu, mbele ya ndugu zao. Fikirini hilo vizuri, wazazi wangu. Umbali ule mtoto aliyefundishwa kuogelea anaweza kuumaliza.

Na Idjwi wana msiba wao wa siku nyingi. Kahawa ya kisiwani ni nzuri, lakini kwa miaka mingi bei ya upande wetu ilikuwa duni na ushuru ulikuwa wa kila mlango. Basi wanaume walikuwa wakipakia magunia kwenye mitumbwi usiku, bila taa, kwenda kuuza Rwanda. Upepo ukiwakuta katikati, mtumbwi umelemewa, basi. Kuna vijiji kisiwani ambavyo wajane wake wote wanasimulia habari ile ile. Vyama vya ushirika vya wakulima, vilivyoanza kununua kahawa kwa bei inayoeleweka na kuiosha kisiwani kwenyewe, viliokoa maisha kuliko onyo lolote la serikali, maana mtu akiuza kahawa yake nyumbani hana haja ya kuvuka usiku.

Sasa mtaniuliza: watu wanaoishi na maji tangu babu na babu, imekuwaje maji yawe mageni kwao? Jibu moja liko katika namna mji huu ulivyojengwa. Wabelgiji waliuita Costermansville, jina lililobaki hadi miaka ya 1950. Rasi na ufuo walijigawia wenyewe: nyumba zenye bustani zinazoshuka hadi majini, gati binafsi, vilabu. Mfanyakazi mweusi alipangiwa Kadutu na Bagira, akishuka asubuhi kwenda kazini na kupanda jioni. Uhuru ulikuja 1960, wenye nyumba wakabadilika, ukuta ukabaki. Leo tembea kutoka Nguba hadi La Botte ukitafuta mahali ambapo mtoto wa Kadutu anaweza kufika majini bila kuulizwa anakwenda kwa nani. Utahesabu kwa vidole. Zimebaki sehemu kama Beach Muhanzi, penye soko, mashua, mifuko ya makaa, kelele na uchafu wa mji mzima ulioteremshwa na mvua. Mtoto anajifunza kuogelea hapo kwa kujaribu, akijificha mama yake asijue, na akishindwa ndiyo tumemzika.

Mimi nadhani hili ndilo jambo la kwanza ambalo meya yeyote, wa serikali yoyote, angepaswa kulishughulikia: vipande vitatu au vinne vya ufuo, visafishwe, viwekewe mpaka wa kamba na maboya, awepo mtu mzima anayejua kuokoa. Hatuzungumzii mamilioni ya dola. Tunazungumzia kamba, vidumu vitupu vya kuelea na mishahara ya vijana wachache.

Tazameni ng'ambo. Nasema tazameni, sisemi tuone wivu. Kuanzia Rubavu hadi Rusizi, Rwanda wametengeneza njia ya kutembea kwa miguu na kwa baiskeli inayofuata ufuo wa Kivu, kilomita 227, inapita katikati ya mashamba ya kahawa, chai na migomba. Mtu analala kwa mwanakijiji, anakula viazi na samaki wa sambaza, asubuhi anaendelea. Huko Karongi vijana wanaongoza wageni kwa kayaki kati ya visiwa, na wageni wengine ni Wanyarwanda wenyewe waliotoka Kigali mwisho wa juma. Ziwa ni hili hili, na vilima ni ndugu wa vilima vyetu. Ufuo wetu wa magharibi una milima mirefu zaidi nyuma yake na msitu wa asili juu ya milima hiyo, na ziwa lina kisiwa chake kikubwa kuliko vyote upande wetu. Kinachotupungukia mnakijua: amani, kwanza na mwisho. Lakini kipo kingine ambacho hakisubiri amani, nacho ni sisi wenyewe kuthamini kutembea kwetu.

Nizungumzie Idjwi kidogo, maana nakipenda kisiwa kile na siwezi kukipita haraka. Ni kisiwa cha kilomita za mraba zaidi ya 300, na katika visiwa vya maziwa ya Afrika kinakuja baada ya Ukerewe ya Ziwa Victoria. Watu wake ni Bahavu hasa, pamoja na Batwa waliokaa huko tangu zamani. Mwaka 1914 Wajerumani walikiteka, kisha wakakiachia. Tangu hapo vita vingi vimepita kaskazini na kusini, na kisiwa, kwa sehemu kubwa, kimebaki nje ya risasi. Ukishuka gatini unashangaa kwanza ukimya. Magari ni machache mno. Njia ni za udongo mwekundu, zinapanda na kushuka kati ya migomba na mikahawa, na kila anayekutana nawe anakusalimu na kusubiri umjibu. Kuna uti wa mgongo wa milima katikati, na ukipanda mpaka juu unaona ziwa pande zote mbili, Rwanda mashariki, Kalehe magharibi, na nyuma ya Kalehe ukuta wa kijani wa milima ya Kahuzi.

Njiani utakutana na mwanamke mwenye kikapu cha mananasi. Mananasi ya Idjwi ni madogo, maganda yake hayana hata rangi ya kuvutia, lakini anapokukatia kipande kwa kisu chake, maji yanateremka hadi kwenye kiwiko, na hutaki tena kununua nanasi la sokoni Kadutu. Kaa naye. Nunua mawili, lipa bei anayosema, muulize habari za watoto. Utalii ninaousema ndio huu. Hauhitaji hoteli ya nyota tano. Unahitaji miguu, adabu na nauli ya boti.

Jioni, ukiwa bado kisiwani, teremka hadi ufukweni kabla giza halijaingia. Wavuvi wa sambaza wanatoka saa hiyo. Wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, miti mingine inachomoza mbele na nyuma juu ya maji ili kushikilia wavu, na watu wanapiga makasia kwa pamoja wakiimba. Anayeongoza anatupa neno, wengine wanalipokea. Giza likishika wanawasha taa, samaki wadogo wanafuata mwanga, wavu unainuliwa. Sambaza hawa si wazaliwa wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaliana, wakawa kitoweo cha mamilioni ya watu, pande zote mbili za mpaka. Mtoto wa mjini anayewala na bugali kila juma angefaa aone, mara moja maishani, wanavyopatikana.

Sasa tugeuke kuelekea mlimani. Hifadhi ya Kahuzi-Biega, Parki kama kila mtu anavyoiita, iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa 1975 hadi kilomita za mraba 6,000, kutoka milima hii ya baridi mpaka misitu ya joto ya upande wa Shabunda. UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia mwaka 1980, na tangu 1997 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mbelgiji Adrien Deschryver ndiye aliyeipigania, na gorila wa hapa walikuwa miongoni mwa wa kwanza katika Afrika kuzoeshwa kutembelewa na watu. Wazee wa Bukavu bado wanataja majina ya madume wale: Casimir, Mushamuka, Maheshe. Vita vya miaka ya 1990 vilipopita msituni, karibu nusu ya gorila wa sehemu ya juu walipotea, na tembo wa milimani waliuawa wengi mno.

Anayepanda Kahuzi, mita 3,308, anaanza katika msitu mkubwa wenye miti iliyovaa kuvu na ndevu za kijani. Kisha anaingia katika mianzi. Hapo mwendo unabadilika. Mianzi imesongamana, ardhi ni tope jeusi linalovuta kiatu, mwanga ni wa kijani kibichi, na huoni zaidi ya hatua chache mbele. Msimu wa machipukizi, gorila huingia humu kula, na mfuatiliaji anayekuongoza ataokota ganda la chipukizi lililomenywa, ataligeuza mkononi, atagusa utomvu wake, na atakuambia wamepita muda gani uliopita na wamekwenda upande upi. Juu ya mianzi miti inafupika, vinakuja vichaka vigumu na upepo wa baridi, na hali ya hewa ikikubali unaliona ziwa lote limelala chini yako.

Ujuzi ule wa kusoma ganda la chipukizi, wasikilizaji, ni wa nani? Ni wa Batwa kwanza. Wao ndio walioujua msitu huu mguu kwa mguu. Wao ndio waliowaonyesha wageni wa kwanza njia za gorila. Na wao ndio waliotolewa msituni, familia kwa familia, Parki ilipoundwa na kupanuliwa, bila ardhi ya kuhamia, bila fidia. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza uamuzi wake: kwamba Batwa wa Kahuzi-Biega walidhulumiwa, na kwamba nchi yetu inapaswa kuwarudishia haki zao juu ya ardhi ya mababu zao. Miaka hamsini imepita wakilala kandokando ya msitu waliozaliwa ndani yake, katika mashamba ya watu wengine. Msimamo wangu katika hili hauna mkunjo. Siku matembezi ya Kahuzi yatakapofunguka tena kwa salama, Mtwa asiwe wa kucheza ngoma mlangoni ili mgeni apige picha. Awe kiongozi wa njia, awe mwenye hisa katika kila tiketi, awe na neno juu ya nani aingie na wapi. Utalii unaofungua njia yake juu ya haki ya mtu mwingine mimi siutaki, hata ukileta fedha.

Nimesema siku matembezi yatakapofunguka kwa salama. Tangu Februari 2025, Kavumu na mji wetu vilipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, na hata kabla ya hapo kwa sababu ya makundi mengi yenye silaha porini, simwambii mtu yeyote afunge mkoba akaingie msituni. Yeyote anayewaambia hakuna hatari anawadanganya. Walinzi wengi wa Parki wamekufa wakiwa kazini miaka yote hii. Kwanza uliza, kisha uliza tena: wenye boti waliorudi jana, wamisionari wa parokia, shangazi yako anayeishi Katana. Safari inayokatazwa na wenyeji haifanyiki, inaahirishwa.

Lakini yapo yanayowezekana kwa namna fulani hata katika siku hizi, jirani na nyumbani. Kupanda vilima vya Kabare asubuhi na mapema, kati ya mashamba ya chai na miti ya kinkina ambayo maganda yake hufanyiwa dawa ya malaria. Kufika Lwiro, njia ikiwa wazi, kwenye kituo kile cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1947, chenye majengo ya mawe na maktaba ya zamani, ambako leo wanalelewa sokwe na nyani waliochukuliwa kutoka kwa wawindaji haramu. Kuona chemchemi za maji ya moto za Kankule upande wa Katana, ambapo ardhi yenyewe inamkumbusha mtoto kwamba volkano hazijalala. Mwalimu wa jiografia aliyewahi kupeleka darasa lake huko hatahitaji tena kuchora bonde la ufa ubaoni.

Matembezi yanafundisha pia yanayouma. Anayepita Kalehe anaona makovu ya Mei 2023, mvua ilipoangusha milima juu ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengi zaidi hawakuonekana. Tazama miteremko iliyo juu ya vijiji vile. Miti imekwisha, imekuwa makaa yetu sisi wa mjini. Kitu hicho huwezi kukielewa kwa kusomewa taarifa ofisini. Unakielewa ukiwa umesimama chini ya mlima, shingo imeinama nyuma, unaona mahali udongo ulipobanduka.

Na chupa za plastiki je? Kila mvua ikinyesha, mifereji ya Kadutu na ya Ibanda inateremsha chupa na mifuko ziwani, ziwa linazisukuma taratibu kwenda Ruzizi, na zinaishia kwenye bwawa la Ruzizi ya kwanza, lile la mwaka 1958, zinaziba njia ya maji, mitambo inasimama, na sisi tunakaa gizani tukilalamika juu ya umeme. Mpeleke kijana kwa mtumbwi kutoka Muhumba hadi karibu na mlango wa mto, aone zulia lile la chupa. Hatatupa tena chupa mtaroni.

Kwa hiyo ninapoomba matembezi siombi anasa. Naomba elimu ya nchi yetu, na namna ya kuokoa maisha. Sitegemei wageni waje ndipo tuanze. Wageni watakuja, au hawatakuja. Waliwahi kuja wengi, vita vya 1967 vikawakimbiza, vikaja vya 1996, vikaja vya 1998, vikaja vya 2004, na kila mara waliobaki ni sisi. Jengo la utalii lililosimama juu ya mgeni peke yake linaanguka kila bunduki inapolia. Lakini watu wakiwa na desturi yao ya kupanda milima yao na kuogelea katika maji yao, desturi hiyo hulala kidogo wakati wa shida na huamka yenyewe.

Basi nina maombi, na nayaelekeza kwa watu ninaowafahamu. Ninyi maprefe wa shule na walimu, na ninyi viongozi wa Skauti na wa Xaveri, vuguvugu ambalo lilizaliwa huku huku Kivu na kulea vijana wetu kwa vizazi: chagueni ufuo mmoja salama, watafuteni wavuvi wawili waadilifu, wapeni posho yao, na kila Jumamosi asubuhi, kabla upepo haujaamka, wafundishwe kuogelea watoto kumi kumi, wasichana kwa wavulana. Ninyi mnaomiliki nyumba za kando ya ziwa, wengine wenu ni wasikilizaji wangu na ni watu wenye moyo: fungueni geti mara moja kwa juma, watoto wa kartie ya juu wapite hadi majini wakiwa na mwalimu wao. Ninyi wenye boti, abiria akizidi mshusheni, hata akikasirika, hata akiwa afisa. Na jaketi la kuokolea livaliwe kifuani, lisirundikwe chini ya benchi kwa ajili ya kuonyeshwa askari wa bandarini. Na wewe mama unayekwenda Minova au Goma na mzigo wako wa biashara, usipande chombo ambacho hakina jaketi la mtoto wako. Dai upewe jaketi kabla hujalipa nauli. Wakikataa, shuka, ungoje boti nyingine.